Kidonge Kimoja kwa Siku

Jumatano, 1 Oktoba. Wote.

Nimepata kazi, baada ya wiki mbili za mafunzo Nairobi. Kwa miaka minne nimesimama nyuma ya kaunta ya kemisti hapa Wote nikiwaona marepu, wachuuzi wa kampuni za dawa, wakiingia na mikoba yao, wakicheka na bosi wangu, wakitoka. Leo asubuhi nami nimekabidhiwa mkoba. Githaiga, meneja wetu wa kanda, alitoka Machakos kuniletea gari dogo jeupe, tableti ya kuandikia kila ziara, na maboksi mawili ya sampuli. Eneo langu ni Kitui na Makueni yote. Niko kwenye majaribio kwa miezi mitatu, halafu wataamua kama nabaki.

Dawa niliyopewa ni moja tu, ya presha. Kidonge chenyewe kina dawa tatu ndani, kwa hivyo mgonjwa aliyekuwa akimeza vidonge vitatu anameza kimoja. Ninaikubali kwa moyo wote. Nimewaona wazee pale kemisti wakichanganya vidonge vyao mpaka nikaogopa kuwauzia. Tatizo ni kwamba bei ya kimoja hicho inazidi ya vile vitatu. Nilipomuuliza Githaiga watu wa huku watakinunuaje, alisema mvua za mwisho wa mwaka ndizo tegemeo la Ukambani, na mwenye ndengu za kuuza hununua dawa. Eti kampuni imepiga hesabu ya mauzo kwa kufuata msimu.

Nilimpigia mama simu nyumbani Kitui. Aliomba papo hapo kwenye laini, sala ndefu, mpaka salio lake likaisha.

Alhamisi, 2 Oktoba. Kathonzweni.

Kila mtu ameniambia hapa mlango ni mmoja: Kitonga. Ni klinikal ofisa, yaani tabibu, alifanya kazi hospitali za serikali miaka ishirini, sasa ana kliniki yake nyuma ya soko. Wenye presha wote wa huku wako mikononi mwake. Alinifanya ningoje mpaka mgonjwa wa mwisho atoke, akanipa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Nilisema maneno niliyofundishwa: kidonge kimoja kwa siku. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Watu wangu hununua dawa Januari wakivuna, Februari pesa zikiisha huacha. Mimi huandika dawa ya Februari."

Nilitoka nikimchukia kidogo.

Mchana nilikula muthokoi kwa Kasiva, mama mmoja mwenye hoteli ya mabati karibu na stendi. Ni mama mkubwa wa mwili, sauti yake inasikika kabla hujamwona. Anaongoza kwaya ya kanisa lao. Aliposikia mkoba wangu una dawa za presha alifungua fundo la leso yake akanionyesha zake. Aina tatu zimechanganyikana kama mahindi na maharagwe. Kimoja alikuwa hakimezi kabisa siku za kwaya, kwa sababu kinamkimbiza chooni katikati ya wimbo. Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Jumatatu, 6 Oktoba.

Kitui mjini. Madaktari watano kwenye orodha. Watatu hawakuwepo, wawili walikuwa na haraka.

Jumatano, 8 Oktoba.

Mawingu yamejaa upande wa milima tangu asubuhi. Hayakushuka.

Alhamisi, 9 Oktoba. Kathonzweni.

Nimefanya jambo ambalo Githaiga amelisifu sana kwenye simu. Nilimchukua Kasiva mwenyewe nikampeleka kwa Kitonga. Presha yake ilikuwa mia moja tisini juu ya mia moja na kumi. Kitonga alimpima mkono wa pili, akavua miwani. Nikaweka sampuli za mwezi mzima mezani, nikasema hakuna mtu atakayemdai Kasiva hata shilingi, ajaribu tu.

Kitonga alichukua boksi moja, akaligeuza. "Kanyiva, mimi nikimtoa kwenye zile anazozijua nikamweka kwenye hii, usinikatie katikati."

Nilimwambia sampuli zitakuwepo mpaka mwisho wa mwaka. Githaiga hakuwa ameniambia hivyo. Lakini hakuwa amesema vingine pia, na Kasiva alikuwa ameketi pale ananitazama kama mtoto wake aliyehitimu.

Jumatatu, 20 Oktoba.

Mashujaa Dei. Nimefua nguo na kuosha gari.

Alhamisi, 23 Oktoba. Kathonzweni.

Mia moja thelathini na nane juu ya themanini na sita. Kitonga alipima mara tatu, kwa mashine mbili. Kasiva anasema kichwa kimemwachilia, halali tena akisikia moyo masikioni, na Jumapili aliimba ibada nzima bila kutoka. Zile dawa za leso amempelekea dada yake kule Mbumbuni, ambaye pia ana presha na zahanati yao imeishiwa dawa.

Pale hotelini kidonge chetu tayari kina jina. Wanakiita kimwe, yaani kimoja. Watu waliokuwa wakinipita kama gunia leo waliniuliza, "Wewe ndiye wa kimwe?"

Kabla sijaondoka Kitonga alitoa faili kumi na moja kwenye kabati. Ni wagonjwa ambao presha imewashinda, aliniambia, ama hawamezi, ama wanachanganya. Alikuwa amekwisha kuwaandikia kimwe. Nilimuuliza na Februari je. Akasema amekuwa mkaidi mno, pengine mtu akikaa miezi mitatu bila kuumwa ataona umuhimu wa kununua. Nilimpenda kwa kukubali kwamba alikosea. Sasa najua kumbe alikuwa akisubiri mtu amletee kitu kizuri, na kwa miaka hakuna aliyemletea.

Niliacha sampuli zote zilizokuwa garini.

Ijumaa, 24 Oktoba.

Imenyesha! Saa kumi alasiri, mvua ya kweli, barabara ya Wote ikageuka mto. Kila shamba lina watu.

Jumatatu, 27 Oktoba.

Githaiga amepiga. Kathonzweni inaongoza kanda nzima kwa wagonjwa walioandikiwa na daktari mmoja. Alisema nina mkono wa kazi hii, na miaka miwili ijayo anaona nikisimamia watu. Huyu mzee watu humsema vibaya, lakini alianza kama mimi, kwa pikipiki, akilala kwenye magesti ya Kibwezi. Anajua majina ya watoto wa kila repu wake.

Jumanne, 4 Novemba.

Mvua haijarudi. Ndengu zina majani manne, yamejikunja mchana.

Alhamisi, 6 Novemba.

Kitonga alinieleza leo jinsi anavyojua mgonjwa ameacha dawa kabla hajampima: huwa anakuja amevaa vizuri zaidi na anaongea mengi. Nimejifunza kwake kuliko wiki mbili za mafunzo ya Nairobi. Wagonjwa tisa kati ya kumi na mmoja presha imeshuka. Kasiva amenipikia kuku. Alikataa kabisa nilipe, akasema mwiitu wake halipi, binti yake.

Jumatatu, 10 Novemba.

Sampuli zimeisha. Hazijachelewa. Zimeondolewa. Nilipiga simu kuagiza za Kathonzweni, Githaiga akasema mgao wa miezi miwili iliyobaki umepelekwa Embu, ambako dawa haijashika.

Nilimwambia hawa wangu bado hawajaanza kununua, nimemwahidi daktari. Aliniuliza nani alinituma niahidi. Hakuniuliza kwa ubaya. Alinieleza polepole, kama mzazi, kwamba sampuli ni mbegu, na hakuna mtu anayepanda mara ya pili shamba lililokwisha kuota. Kathonzweni imeota. Sasa ni wakati wa kuvuna. Nikamwambia huku mvua imekatika na kilichoota kinakufa. Akasema na yeye ana mtu juu yake anayetazama namba, na mtu huyo hajawahi kuona ndengu.

Alhamisi, 13 Novemba. Kathonzweni.

Nimemdanganya Kitonga. Nilimwambia mzigo umekwama kidogo Nairobi, wiki mbili hivi, na kwa sasa wagonjwa wanaweza kununua pale kemisti yangu ya zamani Wote. Aliandika kwenye daftari lake "wiki mbili". Hakuuliza swali lolote, na hilo ndilo lililonikata. Mwezi uliopita angeniuliza kumi.

Nilipita kwa wagonjwa niliowapata sokoni, nikawaambia vivyo hivyo. Kasiva alikuwa akichochea moto, wateja wawili tu ndani. Watu hawana cha kuuza, kwa hivyo hawali nje. Nilimsihi anunue, asikae bila. Alisema, "Usijali mwiitu wakwa, nitanunua." Alikuwa amejifunga kitenge kipya, na aliongea sana: habari za kwaya, za mume wake Muindi na ng'ombe wake mgonjwa, za harusi ya jirani. Nilikuwa na haraka ya kuondoka.

Jumatatu, 17 Novemba.

Kemisti ya Wote wanasema kimwe kimenunuliwa kuliko wiki yoyote. Kwenye tableti mstari wangu wa mauzo umepanda kama ukuta. Nimejiambia basi wananunua, basi mambo ni sawa.

Alhamisi, 20 Novemba.

Niliendesha hadi karibu na soko la Kathonzweni, nikaegesha kando ya barabara. Nikaandika kwenye tableti kwamba nimemwona Kitonga, tumezungumza dakika kumi na tano, amepokea vizuri. Nikageuza gari.

Jumatatu, 24 Novemba.

Ndengu zimekauka. Unapita shamba baada ya shamba, zimesimama vile vile na maua yake, ukizigusa zinavunjika. Kemisti hawajauza kimwe hata kimoja tangu Jumatano.

Alhamisi, 27 Novemba. Kathonzweni.

Kitonga alinipigia jana saa nne asubuhi, mara ya kwanza tangu tujuane yeye kunipigia. Nilikuwa Kitui, kwenye foleni ya daktari mmoja. Alisema tu, "Kasiva ameanguka. Njoo kesho," akakata.

Nimekwenda. Alianguka juzi, Jumanne, akipakua chakula. Sahani ilimtoka mkono wa kulia, akaitazama, akacheka, wanasema, halafu akaenda chini pamoja na benchi. Walipomfikisha hospitali ya Makueni upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Anafungua macho. Anawajua watu. Maneno hayatoki.

Nilimkuta Muindi kando ya kitanda. Ni mtu mwembamba, wa maneno machache, na alinisimulia bila kunitazama. Kasiva alinunua kimwe mara moja tu, karatasi moja ya vidonge. Kilipobaki kidogo akaanza kumeza kila siku ya tatu. Alimkataza Muindi asimwambie Kitonga wala mimi. Alisema yule msichana amehangaika naye mno, yeye mwenyewe ataona aibu. Kuna siku Muindi alimwambia arudie zile za zamani, Kasiva akamkumbusha kwamba walizipeleka Mbumbuni. Dada mtu alizirudisha Jumatano, zilizobaki, zikiwa kwenye leso ile ile. Mgonjwa tayari alikuwa wodini.

Nilimshika Kasiva mkono wa kushoto. Alinibana kwa nguvu. Mdomo wake ulikwenda upande, akajaribu kitu, kikatoka kama pumzi tu, akajaribu tena. Nesi akasema tumwache apumzike.

Kutoka hapo nilikwenda kliniki. Kitonga alikuwa amefunga mapema. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, nilitaka kugombezwa. Aliniambia niketi. Niliketi. Nikamwambia yote: kwamba sikuwahi kuwa na ruhusa ya kuahidi, kwamba tangu tarehe kumi nilijua hakuna mzigo unaokuja, kwamba wiki iliyopita nilifika mpaka mlangoni pa soko nikarudi na kuandika kwamba nimemwona.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile ya kwanza. Halafu akasema, "Ungeniambia tarehe kumi, ningewarudisha wote kwa vile vitatu ndani ya siku mbili. Vilikuwepo hapo kabatini. Vipo hata sasa."

Aliamka akafungua kabati nikaviona. Makopo makubwa meupe, yamejaa.

Akasema pia kwamba si mimi niliyeshika kalamu, ni yeye, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuandika dawa asiyoijua mwisho wake. Nilitaka kumwambia asijilaumu nikaona sina haki hiyo. Akaweka zile faili kumi na moja mezani. Kesho twende, alisema, kwa gari lako.

Jumanne, 2 Desemba.

Siku tatu tumezunguka, mimi na Kitonga na mashine ya presha. Wengine wako mbali, gari linaachwa tunatembea kwenye mchanga wa mito mikavu. Wagonjwa saba walikuwa wameacha kabisa. Watatu walikuwa wakikata kidonge kwa kisu, nusu leo, nusu keshokutwa. Ni Mwalimu Ndeti peke yake, mwenye pensheni, aliyekuwa akimeza inavyotakiwa. Kitonga aliwapa wote vile vitatu kutoka makopo yake, akawaandikia kwenye karatasi kwa mkono wake, asubuhi hiki, jioni hiki.

Hakuna aliyenilaumu. Bibi mmoja mzee, Mbinya, presha yake ilikuwa mbaya kuliko ya Kasiva ya kwanza, alivitazama vile vitatu mkononi mwake kwa huzuni, akaniuliza kimwe kitarudi lini. Kitonga alitoka nje. Nilimwambia hakitarudi. Alidhani nasema Kikamba vibaya, akauliza tena.

Mvua, hakuna.

Jumatano, 3 Desemba.

Nimempigia Githaiga nikamweleza habari za Kasiva, tangu mwanzo. Nilimuuliza ni fomu gani naijaza, maana tulifundishwa kila mgonjwa anayedhurika aandikwe. Alisikitika kwa kweli, nilisikia. Lakini akasema fomu ni za wanaodhuriwa na dawa. "Huyu hakudhuriwa na dawa, Kanyiva, amedhuriwa na kuikosa. Hiyo haina fomu."

Ijumaa, 5 Desemba. Kiboko.

Mkutano wa kanda, kwenye hoteli kando ya barabara ya Mombasa. Tulikuwa marepu kumi na wanne na wakubwa wawili kutoka Nairobi. Kwenye ukuta waliweka picha ya mistari ya kila mtu. Wangu ulikuwa wa pili kwa urefu, kwa ajili ya ile wiki moja ya Novemba. Kushuka kwake hakukuonekana, kwa sababu picha iliishia tarehe ishirini.

Githaiga alikuwa ameniambia jana jioni tulipofika kwamba nitaitwa kusimulia kisa cha mgonjwa mmoja. Alinishika bega, akasema nijiamulie nisimulie nini. Usiku nilikuwa nimeamua kusimulia yote mpaka mwisho. Nilisimama. Nikaanza na leso na vidonge vilivyochanganyika, na kile kinachomkimbiza mtu kwenye kwaya, wakacheka mahali pale pale sisi tulipocheka. Nikasema mia moja tisini juu ya mia moja na kumi. Nikasema wiki mbili baadaye, mia moja thelathini na nane juu ya themanini na sita. Mkubwa mmoja alianza kupiga makofi, na wote wakapiga.

Nilikuwa bado nimesimama. Kulikuwa na nafasi. Walikuwa wananitazama kwa upendo, na makofi yalipokwisha palikuwa na kimya kizuri ambacho ningeweza kutia jambo lolote ndani yake.

Nikasema asante. Nikaketi.

Jumatano, 10 Desemba. Kathonzweni.

Niliandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea Kitonga aisome kwanza. Sijui nilitaka nini kwake. Labda nilitaka aseme nimefanya vyema. Aliisoma, akaikunja ilivyokuwa, akanirudishia.

"Ukiacha, wataleta mwingine," alisema. "Mwingine huyo hajui Mbinya anakaa wapi."

Nilimuuliza kama hayo ni msamaha. Akasema hapana, ni kazi. Akaita mgonjwa aliyefuata.

Barua bado iko kwenye mkoba. Sijaipeleka. Nikisema nimebaki kwa ajili ya wagonjwa nitakuwa nadanganya tena. Nimebaki kwa sababu kaunta ile ya Wote tayari ina msichana mwingine, na mama amekwisha kuliambia kanisa lote.

Ijumaa, 12 Desemba.

Jamhuri Dei. Upepo na vumbi.

Alhamisi, 18 Desemba. Machakos.

Nimethibitishwa. Githaiga alinipa barua mbele ya wengine, na kando akaniambia nilifanya vyema Kiboko, kwamba watu wazima hujua wapi pa kukomea. Nilimtazama nikaona anamaanisha wema. Yeye pia nadhani alikomea mahali fulani zamani, akiwa na pikipiki yake, na tangu hapo hajarudi kutazama.

Januari tunaanza dawa mpya, ya sukari. Nimepewa sampuli zake kabla ya wote, kama zawadi. Maboksi sita.

Jumamosi, 20 Desemba. Kathonzweni.

Kasiva yuko nyumbani. Wamemwekea kiti cha plastiki mlangoni, na mito miwili upande wa kulia asianguke. Hoteli imefungwa, Muindi ameuza masufuria makubwa. Kitonga humjia kila Jumatatu, dawa zake tatu ziko kwenye kikopo juu ya meza, na presha imeshuka vizuri. Imeshuka sasa.

Wanakwaya wenzake walikuwa wamekuja. Walimwimbia, wimbo anaouongoza yeye siku zote, na walipofika mahali pa kiongozi kuimba peke yake wakanyamaza kumngoja. Hawakufanya hivyo kwa makusudi, ni mazoea. Alifungua mdomo. Tulingoja. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la kushoto. Mama mmoja akadakia mstari, wakaendelea.

Walipoondoka Muindi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alinishukuru kwa kuja. Alisema mimi peke yangu kati ya watu wa dawa ndiye nimewahi kuingia nyumbani kwao, na Mungu ameona. Alisimama akishika mlango wa gari, nikajua kuna jambo analotafutia maneno. Mwishowe aliniuliza kwa sauti ya chini, ili Kasiva pale mlangoni asisikie, kama sina sampuli hata kidogo. Alikuwa amewaza kwamba mke wake akirudishiwa kimwe, huenda na sauti ikarudi.

Nilimwambia sauti hairudishwi na kimwe, na wala sina sampuli yoyote. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akatazama kiti cha nyuma, ambako yale maboksi sita yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani na jina la kampuni ubavuni, akatazama kando upesi, kama mtu aliyemkuta mwenzake uchi, akanitakia safari njema.

Sikumwambia kwamba ni ya sukari.